Ndege Hana Nyusi

Kovu.

Neno hilo dogo ndilo lililomkata miguu Fundi Miwani mara ya mwisho tulipokuwa naye. Saa nne ya asubuhi, dukani kwake, simu mkononi, na jiwe la kusagia vioo likizunguka bila kazi.

Nawakumbusha upesi, kwa ajili ya aliyechelewa kukaa. Fundi ana ugonjwa mmoja tu, nao ni kamera. Alinunua lenzi ndefu ya mitumba iliyoota ukungu ndani, akaifungua kwa bisibisi zake za miwani, akaisafisha kipande kwa kipande mpaka ikarudi ujana. Kwenye kundi lao la wapiga picha, huko mtandaoni, walimcheka. "Hiyo lenzi itapiga picha za majini tu," walisema. Naye kwa kiburi akapiga picha ya chiriku anakunywa maji kwenye bomba la uani nyumbani kwake, akaikata akabaki ndege peke yake, akairusha kundini.

Mtu mmoja hakumcheka. Anajiita Kivuli. Miezi mitatu yumo kundini, mpole, msifiaji, hana ugomvi na mtu.

"Mimi nakuamini, mkuu," aliandika. "Lakini kanuni ni kanuni. Nitumie faili halisi."

Na kweli ndiyo kanuni yao. Ukibishiwa, unatoa faili halisi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera, haijakatwa wala haijapakwa rangi. Fundi akaituma, tena kwa furaha.

Leo asubuhi Kivuli akaandika mbele ya watu wote: "Nimekubali. Lenzi kali. Mpaka kovu la kwenye nyusi linaonekana."

Kundi zima likaangua kicheko.

"Ndege ana nyusi?" akauliza mmoja.

"Kivuli anataka miwani huyo. Jicho, mfanyie bei ya kirafiki!" Jicho ndilo jina la Fundi mle kundini.

Fundi hakucheka. Alifungua faili halisi kwenye kompyuta ya dukani. Ndege yuko katikati. Kushoto, ile sehemu aliyoikata mwenyewe siku ya kurusha, kuna dirisha la jikoni limefunguliwa. Akakuza. Akakuza tena. Ndani ya kioo cha dirisha, kama ndani ya maji yaliyotulia, uso wa mwanamke anakausha sahani. Juu ya jicho la kushoto, mstari mweupe. Nyuzi tatu za hospitali.

Mdogo wake. Kitinda, mtoto wa mwisho kwa mama yao. Amemficha nyumbani miezi minne, hata jirani wa ukuta mmoja hajui.

Na aliyeipasua nyusi ile ni mtu mmoja tu duniani. Mumewe, asiyejua shemeji yake anaishi wapi wala anafanyia kazi wapi. Mpima ardhi.

Mpima ardhi, wanangu! Mtu anayesoma namba za mahali kama sisi tunavyosoma saa. Na faili halisi hubeba kila kitu tumboni mwake: saa ya kupigwa, jina la lenzi, na mahali.

Kioo cha mteja kilichokuwa mkononi mwa Fundi kikaanguka. Hakukiangalia. Akapiga simu nyumbani.

"Kaka?"

"Toka humo ndani."

"Nitoke niende wapi? Uliniambia hata kuanika nisianike."

"Toka sasa hivi. Njoo dukani, pita mlango wa mbele, barabara kubwa, katikati ya watu. Usichukue kitu."

"Nina sufuria jikoni."

"Zima! Usichukue kitu, Kitinda. Hata mkoba. Jifunike khanga utoke."

Sauti yake ikaja nyembamba, kama inapita kwenye tundu la sindano.

"Ni yeye?"

"Pita katikati ya watu," Fundi akasema. Kuna maswali ambayo ukiyakwepa umeshayajibu.

Dakika kumi na tano baadaye mlango wa mbele ukafunguka. Kitinda aliingia amejifunika mpaka machoni, kandambili mguuni, mikono mitupu na bado ina povu la sabuni.

"Amenionaje?" aliuliza. "Kaka, mimi sijachungulia hata dirishani. Amenionaje?"

Fundi akamgeuzia kompyuta. Kitinda aliitazama picha ile muda mrefu. Kwanza ndege. Halafu dirisha. Halafu akajiona.

"Umempelekea wewe," alisema.

"Sikujua ni yeye."

"Umempelekea kwa mkono wako. Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya…" Fundi akaondoa macho kwenye kompyuta. "Walikuwa wanasema lenzi ina ukungu."

Heri angempiga kofi. Kitinda hakumpiga. Alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyemwaga maji yake ya mwisho, akakaa chini nyuma ya kaunta.

"Bora nife kwa lenzi safi," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Kaka, karatasi za hospitali. Ziko chini ya godoro, kwenye bahasha ya kaki. Umeniambia nisichukue kitu, sikuchukua kitu. Kesi ni keshokutwa. Bila zile karatasi, mimi ni mwanamke aliyejikwaa mlangoni. Ndivyo alivyowaambia polisi."

Hapo Fundi akafanya jambo aliloliona la akili. Na wengi wetu tungelifanya.

Alishusha mlango wa chuma wa mbele, akaufunga kwa komeo la ndani, gumu ambalo yeye peke yake ndiye anayeliweza. Akamwingiza Kitinda kile chumba cha giza cha kupimia macho. Akatokea mlango wa uani, ule wa kichochoroni anaotokea kila jioni, akaufunga kwa nje kwa kufuli lake kubwa.

"Atakayepita ataona duka limefungwa," alimnong'oneza kwenye ufa. "Nachukua bahasha narudi. Usiwashe taa. Usimjibu mtu."

"Na wewe nitakujuaje?"

"Nitakuita jina la mama."

Akaondoka, ufunguo mfukoni.

Njia nzima aliwatazama watu usoni. Kila mwanamume mrefu alikuwa mpima ardhi. Muuza magazeti alikuwa mpima ardhi. Mzee wa watu, anafunga kamba ya kiatu chake, alisogelewa na Fundi kwa ngumi iliyokunjwa mpaka akasema, "Kijana, salama?"

Nyumbani mlango ulikuwa kama ulivyoachwa. Hakuna aliyeingia. Jikoni sahani moja ilikuwa nusu kavu. Fundi akainua godoro, akaitoa bahasha ya kaki, akaiingiza ndani ya shati. Alikuwa anageuka kutoka, simu ikaita.

Bibi Studio.

Huyu ndiye msimamizi wa kundi lao. Bibi wa miaka sabini na kitu, aliyefungua studio tangu picha zinaoshwa gizani kwa dawa, na mpaka leo vidole vyake vina madoa. Ni yeye peke yake kundini aliyejua habari za Kitinda, maana ndiye aliyempiga picha za majeraha kwa ajili ya kesi.

"Mume wangu wa bure," alisema, maana ndivyo anavyomwita Fundi, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Nimesoma lile neno la kovu. Nimefungua faili lako. Kaa chini."

"Bibi, siwezi kukaa. Atakuja hapa wakati wowote."

"Hapo wapi?"

"Nyumbani! Mahali pamo ndani ya faili!"

"Pamo," alisema Bibi. "Lakini nyumbani kwako si karibu na tanki la maji?"

"Ndiyo."

"Basi hizi namba haziangukii kwenye tanki. Nimeziweka kwenye ramani mara mbili. Zinaangukia mtaa wa maduka. Siku ile ya ndege, simu yako ilikuwa wapi?"

Fundi akajaribu kukumbuka. Jumapili. Alitoka dukani Jumamosi jioni haraka haraka, lenzi kwapani kama mtoto mchanga. Simu…

"Niliisahau dukani. Ilikuwa kwenye chaji."

"Ndiyo hivyo! Kamera yako haijui mahali, inaiuliza simu. Ikiikosa simu, inaandika pale pa mwisho ilipoambiwa. Nimeligombeza kundi hili mpaka nimechoka, zimeni hilo dude. Nani anamsikiliza kikongwe?"

Fundi akaegemea ukuta. Nguvu zikamrudi kidogo kidogo. Akataka hata kucheka.

"Kwa hiyo nyumbani hapajui! Bibi, nyumbani hapajui! Anajua du…"

Neno likamfia mdomoni.

"Anajua dukani," akalimalizia Bibi. "Sasa mtoto yuko wapi?"

"Dukani."

"Unasemaje?"

"Nimemfungia dukani, Bibi. Kwa nje. Na kufuli."

Niliwaambia lilikuwa jambo la akili. Akili nayo ina siku zake za kumsaliti mwenyewe.

Fundi akakata simu, akampigia Kitinda. Ikaita. Ikaita palepale, hatua tatu kutoka alipo, juu ya kabati la vyombo, inatetemeka kati ya vikombe.

*Usichukue kitu,* alimwambia. Na Kitinda, mtiifu tangu utotoni, hakuchukua kitu.

Akakimbia.

Nasema akakimbia, mtu wa miaka arobaini na tano mwenye kitambi, shati limetoka nje, bahasha inamkwaruza kifuani. Kwenye kona ya kwanza simu ikalia mlio wa kundi. Alitaka kupita. Lakini jicho likaona jina.

Kivuli ameweka picha mpya.

Ilikuwa picha ya mlango. Mbao za buluu zilizopauka. Bawaba. Na katikati, kufuli kubwa, kali, kila chembe ya kutu imesimama peke yake, linang'aa juani kama limepakwa mafuta.

Kufuli la Fundi.

Chini Kivuli kaandika: "Wakuu, najifunza. Nipeni maoni bila huruma."

Nao wakampa! Wangejuaje, maskini ya Mungu?

"Kutu imetoka vizuri sana."

"Mwanga wa pembeni huo, safi. Ila ungesogea karibu kidogo."

"Nitasogea," Kivuli akajibu.

"Nyuma pamelainika kama siagi. Lenzi gani?"

"Mlango huu una hadithi," akaandika mwingine, mwenye kupenda ushairi. "Nani yuko ndani?"

Kivuli akamjibu kwa alama ya tabasamu.

Fundi akakimbia tena. Bibi akapiga.

"Bibi, ameshafika! Yuko mlangoni! Waite askari!"

"Nimewaita. Wameniuliza kama kuna mtu ameshaumia. Nikawaambia bado. Wakasema basi nisubiri gari."

"Usubiri nini?"

"Punguza mbio unisikilize. Nina miaka hamsini natazama vivuli, usinifundishe kazi. Mlango wako wa uani unatazama wapi?"

"Bibi, jamani!"

"Unatazama wapi?"

"Jua linapozama! Kwa nini?"

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tano."

"Basi saa hizi mlango huo hauna jua hata la kuwasha njiti. Jua liko upande wa mbele wa duka. Lakini kufuli la kwenye picha linawaka. Hilo ni jua la jioni, mjukuu wangu. Picha hii haikupigwa leo. Imepigwa jana, au kabla."

Fundi akasimama katikati ya barabara. Mwenye baiskeli akamkwepa na tusi juu.

"Maana yake nini?"

"Maana yake amelizunguka duka lako tangu jana, na hakumkuta mtu wake. Kaona hakuna jiko, hakuna bomba, hakuna ndege. Akajua picha ilipigwa kwingine asikokujua. Ndipo leo asubuhi akaandika kovu. Unadhani lilimponyoka? Mwindaji hupiga kichaka kwa fimbo ili ndege aruke mwenyewe. Umempigia simu mbio mbio ukamtoa mafichoni, ukamleta mpaka miguuni pake."

"Mungu wangu."

"Sasa amemwona anaingia. Mbele pana chuma. Nyuma pana kufuli. Yeye hana ufunguo. Nani anao?"

Fundi akapapasa mfuko wake.

"Na hii picha ameirusha saa hii kwa nini?" Bibi akaendelea. "Kwa kundi? Hana haja na kundi. Ameirusha uione wewe. Urudi mbio umfungulie. Unanisikia? Usiufungue ule mlango. Mume wangu, usi…"

Simu ikazima. Chaji imekwisha. Safari hii hakuisahau mahali, ila alisahau kuichaji.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Kukaa mbali, na mdogo wako yuko gizani anasubiri jina la mama? Au kwenda, na ufunguo ndio unaotafutwa?

Fundi alikwenda. Taratibu sasa, akipita na ukuta.

Kichochoro kilikuwa kitupu. Ndoo iliyopasuka, matofali, waya wa kuanikia nguo, na paka mmoja. Mlango wa buluu uko palepale, kivulini kweli, kama Bibi alivyosema. Kufuli limekaa kama alivyoliacha. Alitazama nyuma. Hakuna mtu. Alitazama juu, kwenye ngazi ya zege ya jengo la pili. Hakuna mtu.

Akausogelea mlango. Akaweka mdomo kwenye ufa, akaliita jina la mama yao.

"Nipo," Kitinda akajibu, karibu kabisa, kama alikuwa ameulalia mlango. "Kaka, kuna mtu aligonga. Aligonga mara tatu, polepole. Halafu akasema 'samahani, nilidhani pamefunguliwa.' Kaka, ni sauti yake. Fungua. Nitoe. Nakosa pumzi humu."

Mkono wa Fundi ukaingia mfukoni wenyewe. Ufunguo ukatoka. Ukafika kwenye kufuli.

Ukasimama hapo.

"Fungua, kaka!"

"Siwezi."

"Unasema nini?"

"Kitinda, nisikilize. Nikifungua ataingia. Kufuli hili ndilo linalokulinda."

Akainama kupiga goti. Chini ya mlango kuna nafasi ya vidole viwili, panya wanaijua. Akausukuma ufunguo ukapita. Ukalia kidogo juu ya sakafu, ndani.

"Nimekupa ufunguo," alisema. "Sasa huku nje hakuna anayeweza kukufungulia. Hata mimi."

Kwa nyuma yake, juu kidogo, ikasikika sauti moja fupi. Sauti ambayo Fundi angeitambua hata usingizini, maana aliipenda kuliko muziki.

*Kachi.*

Kamera.

"Usigeuke, shemeji," ikasema sauti ya upole, ya mtu asiye na haraka. "Mwanga umekukaa vizuri hapo ulipopiga goti."

Nyayo zikaanza kushuka ngazi ya zege. Moja. Nyingine. Hazikukimbia.

"Ufunguo umepita chini, nimeuona," ikaendelea. "Umenishinda hapo, hongera. Lakini mimi sikuja kwa ajili ya mlango peke yake. Nilikuona ukitoka, nimekuona ukirudi. Ulitoka na shati tambarare, umerudi na kifua cha kaki."

Bahasha! Fundi akaishika kifuani.

Kutoka chini ya mlango vikatokea vidole vinne. Vidole vya Kitinda, vyenye sabuni iliyokauka. Na sauti yake ikaja, lakini haikuwa tena ile nyembamba ya asubuhi.

"Kaka. Lete karatasi."

"Kitinda, ondoa mkono…"

"Miezi minne umenificha. Usizifiche na hizo. Lete!"

Fundi akaichomoa bahasha, akailaza, akaisukuma. Nene ile, imejaa picha za Bibi Studio na mihuri ya daktari. Ikakwama. Akaigongagonga kwa kiganja. Ikaingia kidogo. Vidole vikaidaka, vikaanza kuivuta.

Nusu ya bahasha ilikuwa imekwisha kuingia ndani, wanangu, nusu kamili, buti lenye udongo mwekundu likatua juu ya nusu iliyobaki.

Ndani, Kitinda hakuachia. Nje, buti halikuinuka.

Karatasi ikaanza kuchanika.